Kila Chombo na Isnadi Yake: Somo la Makumbusho ya Lamu kwa Familia Zetu

Mgeni aingiapo katika Makumbusho ya Lamu, jengo la ghorofa lielekealo bahari, macho yake huvutwa kwanza na siwa mbili. Moja ni ya pembe za ndovu, ilitoka Pate, na urefu wake wapita mita 2. Ya pili ni ya shaba, nayo ni ya Lamu yenyewe. Baragumu hizi zilipulizwa katika harusi za koo kubwa na katika sherehe za utawala, na sauti yake ilikuwa tangazo kwa mji mzima. Picha zake zimechapishwa katika vitabu vingi, na wataalamu wamezieleza kwa kirefu. Ni heshima inayozistahili.

Makala hii, hata hivyo, haihusu siwa. Inahusu vitu ambavyo mgeni huvipita upesi akielekea kwingine: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, uteo, kinu na mchi, mtungi wa maji, kata na upawa, kawa la kufunikia chakula, mkeka, chetezo na mrashi, ubao wa chuoni. Hivi ni vitu ambavyo bibi zetu walivishika kila siku bila kuwaza kwamba ipo siku vitakaa ndani ya makumbusho na watu watalipa kiingilio ili wavione.

Tumeona vyema kuizungumzia hazina hii katika kurasa za familia kwa sababu moja. Vitu hivyo vilitoka majumbani mwa Waislamu, na vingi vya aina hiyo vingali majumbani mwetu mpaka leo, chini ya vitanda, darini na stoo. Kila mwaka baadhi yake hutupwa jalalani, na vingine huuzwa kwa thamani ya kuni. Wakati huohuo wazee waliojua habari zake wanatangulia mbele ya haki. Hasara hii haipigiwi baragumu, lakini ni hasara.

Jikoni mwa bibi

Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwaka 1971, katika nyumba iliyowahi kuwa makazi ya maafisa wa serikali ya kikoloni. Katika miaka ile wageni wengi walikuwa wameanza kukigundua kisiwa hicho, na pamoja nao walikuja wanunuzi. Milango ya nakshi, viti vya enzi na vibakuli vya kaure vilitoka majumbani, vikapita mikononi mwa wachuuzi na kuvuka bahari. Familia iliyokuwa na shida ya fedha ilikubali bei iliyotajwa, na kitu kilichokaa nyumbani kwa vizazi vitatu au vinne kikaondoka kwa siku moja. Kukusanya na kuhifadhi, kwa hiyo, ilikuwa kazi ya kukimbizana na wakati.

Tuanze na mbuzi. Ni kibao cha kukalia, chenye ulimi wa chuma uliochongoka meno, na mara nyingi hukunjwa kama kirihani cha kusomea msahafu. Mpishi huketi juu yake, akazungusha kifuu mikononi, na machicha huanguka katika bakuli iliyowekwa chini ya ulimi ule. Machicha hutiwa maji, hukamuliwa, kisha huchujwa kwa kifumbu, mfuko mwembamba uliosukwa kwa miaa. Tui la kwanza, zito, huwekwa kando. Tui jepesi hutangulia chunguni. Mama aliyemfundisha binti yake kukuna nazi hakumfundisha kupika tu. Alimfundisha kupima kwa macho, kutopoteza neema, na kukaa na wenzake wakizungumza mpaka kazi ikaisha. Mashine ya umeme imetuondolea uchovu, nasi hatuwataki akina mama waurudie. Lakini yale mazungumzo ya kibaoni hayakupata mashine ya kuyachukua.

Uteo ni jina la Kiamu. Kwa watu wa kusini chombo hicho ni ungo, ndicho cha kupepetea nafaka. Kata ni kifuu kilichotiwa mpini wa kuchotea maji, na upawa ni nduguye wa kupakulia mchuzi. Kawa husukwa kwa miaa na kufunika sinia ya mwali au futari ya mwezi wa Ramadhani inayopelekwa kwa jirani. Tazama jinsi vyombo hivi vilivyoyajua mahitaji ya nyumba ya Kiislamu: cha kumsitiria mgeni chakula, cha kuchotea maji ya udhu, cha kufukizia udi siku ya Ijumaa, cha kunyunyizia marashi katika maulidi na harusi. Ukivipanga kwa utaratibu, utasoma mwaka mzima wa familia bila kufungua kitabu.

Nyumba inayosema

Mjini Lamu ipo pia nyumba ya kale ya Kiswahili iliyokarabatiwa na kufanywa makumbusho, ili mtu aone vyombo mahali vilipokaa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba kama hizi ndizo sababu mojawapo kubwa.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mlangoni pana daka lenye baraza pande mbili. Hapo mgeni wa kiume hupokewa na mazungumzo humalizika bila haja ya kuingia ndani. Baada ya daka njia hupinda, ili mpita njia asiuone uwanja wa ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na kadiri uendavyo ndani ndivyo sitara inavyozidi. Aliyeichora nyumba ya namna hii aliyazingatia mafundisho ya kubisha hodi na kuinamisha macho, akayatia katika mawe.

Ndani kabisa ndipo palipo na zidaka, vijidirisha visivyotoboka vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani kwa nakshi ya chokaa. Humo viliwekwa vibakuli vya kaure kutoka China na kwingineko, vitabu, na vitu vya thamani vya bibi wa nyumba. Chooni pana birika la maji, na watu wa Lamu walikuwa na desturi ya kufuga humo samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Jambo dogo kama hilo linatuonyesha watu waliofikiri juu ya usafi na afya kabla ya kuletewa mabango ya kampeni.

Kipo chumba kinachoitwa nyumba ya kati, chumba cha ndani chenye giza na utulivu. Humo wanawake walijifungua, na humo maiti walioshwa na kukafiniwa. Kuta zilezile zilisikia adhana ikisomwa katika sikio la mtoto na Yasini ikisomwa kwa anayeaga. Kwa mtazamaji asiyeambiwa, chumba hiki ni kitupu, hakina hata kidaka cha kupigia picha. Kwa aliyeambiwa, ni chumba kizito kuliko vyote. Tofauti kati ya watazamaji hawa wawili ni habari tu.

Pishi hamsini za Madina

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi. Elimu yetu ya dini imetufundisha tangu zamani kwamba habari bila wapokezi wake haisimami. Hadithi huulizwa isnadi: nani kaisikia kwa nani, mpaka ifike kwa Mtume (S.A.W.). Lakini wengi wetu hatukumbuki kwamba wanavyuoni waliwahi kuomba isnadi ya chombo cha jikoni, na kwa isnadi hiyo hukumu ya fiqhi ikabadilika.

Imepokewa kwamba Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imamu Abu Hanifa, alifika Madina baada ya kuhiji, akauliza kiasi cha saa, kile kipimo kinachotumika katika zaka ya fitri. Watu wa Iraki walikuwa na kauli yao, na watu wa Madina walikuwa na yao. Abu Yusuf akawataka watu wa Madina hoja. Wakamwahidi kuileta kesho yake. Kulipokucha walimjia wazee wapatao hamsini, watoto na wajukuu wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja amebeba kipimo cha nyumbani kwake chini ya shuka yake. Kila mmoja akaeleza kwamba kakipata kwa baba yake au kwa watu wa nyumba yake, ambao nao walipokea kwamba hicho ndicho kipimo cha zama za Mtume (S.A.W.). Abu Yusuf akavitazama, akaviona vyote vimelingana. Akapima, akapata ratli tano na theluthi, pungufu kidogo. Akaiacha kauli ya mwalimu wake katika jambo hilo na kuifuata ya watu wa Madina.

Tulitafakari tukio hili. Hawakuja na vitabu. Walikuja na vyombo vya kupimia nafaka, vilivyochakaa kwa kutumika, vilivyotunzwa na akina mama waliokuwa wakitoa unga kila siku. Lau mmoja wa mababu wale angelikitupa kipimo kwa kuwa kimezeeka, au lau angelikihifadhi bila kumwambia mwanawe kimetoka wapi, ushahidi ungelipungua. Chombo peke yake kisingelitosha, na maneno peke yake yangelibishaniwa. Vilipokutana pamoja, chombo na msimulizi wake, kadhi akaridhika.

Imepokewa pia kwamba Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na kikombe cha Mtume (S.A.W.) kilichokuwa kimepata ufa na kuungwa kwa fedha, na wafuasi wa baadaye walikiona kwake. Kikombe kilichopasuka kikaungwa badala ya kutupwa, na habari ya ufa wake ikapokewa pamoja nacho. Hatusemi kwamba vyombo vya mababu zetu vina hadhi hiyo, wala hatumwiti mtu kuvitukuza vitu. Utukufu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Tunasema kwamba kuhifadhi kitu pamoja na habari yake ni njia iliyojulikana kwa watangulizi wema.

Pwani yetu nayo ina kipimo chake. Pishi ni vibaba vinne, na kisaga ni nusu yake, kama vile saa ilivyo mudi nne. Ndiyo maana masheikh wetu walipotafsiri hukumu ya zaka ya fitri walisema, bila kusita, pishi moja ya chakula kikuu cha mji kwa kila kichwa. Leo tunasikia kilo mbili na nusu, wengine husema kilo tatu kwa kuchukua tahadhari. Kilo ni uzito, na pishi ni ujazo. Pishi ya mchele na pishi ya mtama hazina uzito mmoja. Kijana aliyewahi kuishika pishi ya mbao mikononi mwake ataielewa tofauti hii kwa dakika moja. Asiyewahi kuiona atabaki na methali ya haba na haba, asijue kibaba kinachojazwa ni kitu gani.

Wino na karatasi

Vyombo havikuwa peke yake katika kubeba habari. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wa mawaidha kwa binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na haukupita muda mrefu akafariki. Utendi wenyewe waanza kwa mama kumwambia binti alete wino na karatasi. Mtu aliyejua kwamba siku zake ni chache hakutosheka na kusema, alitaka yaandikwe.

Ndani ya mawaidha hayo, pamoja na dini na adabu, mna mambo ya nyumbani: usafi, mapambo, udi, namna ya kumpokea mume na kuwastahi watu. Utendi ulinakiliwa na kusomwa majumbani kwa miongo mingi kabla ya kuchapwa kitabuni. Wanawake ndio waliouweka hai. Baadaye mwandishi mashuhuri wa Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyekuwa pia fundi wa nakshi na mtunzi, alinakili tungo nyingi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na nakala zake kadhaa leo zimo katika maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya. Tunashukuru kwamba zimehifadhika. Hata hivyo inatupasa kujiuliza kwa nini mtafiti wa Lamu anayetaka kuona hati ya mzee wa mtaa wake alazimike kupanda ndege kwenda London.

Jibu jema limekwisha kutolewa na Lamu yenyewe. Katika Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, kumekusanyika hati za mkono nyingi za fiqhi, lugha ya Kiarabu, na sala za kumsalia Mtume (S.A.W.). Hati hizo zilipigwa picha za kidijitali kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na vitabu vyenyewe vikabaki palepale. Katika kurasa za baadhi yake mna maandishi ya wakfu, yanayoeleza kwamba kitabu kimetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mwenye kuandika hivyo alikiwekea kitabu chake ulinzi usiohitaji kufuli.

Katika familia nyingi za pwani, kurasa tupu za mwanzo na mwisho wa msahafu au kitabu cha dua zilikuwa daftari la nyumba. Ziliandikwa tarehe za kuzaliwa, za ndoa, za vifo, mara nyingine mwaka wa njaa au wa gharika. Huenda msahafu wa namna hiyo uko kabatini mwako sasa hivi, na hakuna aliyeufungua ukurasa wake wa mwisho tangu babu alipofariki.

Mikono isiyotajwa

Uadilifu unatudai tuseme jambo jingine. Isnadi ya vyombo hivi haikuwa ya waungwana peke yao. Katika nyumba nyingi kubwa za Lamu, Mombasa na Unguja, aliyetwanga kinuni, aliyebeba mtungi kutoka kisimani, na aliyechoma chokaa ya zile zidaka alikuwa mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Majina ya watu hao hayakuandikwa katika kurasa za msahafu wa nyumba ile, ingawa jasho lao limeingia katika kila mbao na kila jiwe.

Vitukuu vyao ni majirani zetu, na mara nyingi ni sisi wenyewe. Makumbusho inayoonyesha kiti cha enzi bila kumtaja aliyekifuta vumbi imehifadhi nusu ya habari. Familia inayosimulia ukoo wake kwa kuruka bibi mmoja kwa sababu ya asili yake imevunja isnadi kwa mkono wake. Dini yetu imetufundisha kwamba ubora ni kwa uchamungu. Basi tunapokusanya habari, tusichague zile tu zinazotupendezesha.

Jengo nalo huanguka

Huenda msomaji akasema: kazi hii wameachiwa wataalamu, makumbusho yapo. Ni kweli yapo, na watumishi wake wanastahili shukrani. Lakini tutazame yaliyotokea Unguja. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Liliponea mabomu ya Waingereza ya mwaka 1896, ambayo yaliibomoa kasri iliyokuwa jirani yake. Katika miaka yetu likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, na uani mwake kikawekwa mfano wa mtepe, jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Jengo lililostahimili mizinga lilishindwa na umri. Hatuyasemi haya kwa kulaumu. Tunayasema kwa sababu yanathibitisha kwamba kumbukumbu za umma haziwezi kuwekwa mahali pamoja, chini ya paa moja, kisha watu wote wakalala. Makumbusho huhifadhi mfano mmoja wa mbuzi kwa niaba ya mbuzi elfu. Habari za zile elfu zimo majumbani, na hakuna mtumishi wa serikali atakayebisha hodi kila mlango kuziuliza.

Yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, simu yenye kamera, na subira ya kukaa na mzee. Likizo za shule na siku za Idi, familia zinapokutana, ni wakati mwafaka. Tunapendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, chagueni kitu kimoja tu. Kiwe kinu, sanduku la mbao, kanzu ya harusi ya babu, leso aliyoiacha bibi, au ubao wa chuoni. Kipigeni picha pande zote, pamoja na ufa, kiraka na alama za moto, kwa maana hizo ndizo zenye habari.

Pili, andikeni jina lake kama mzee anavyolitamka, si kama lilivyo katika kamusi. Kama nyumbani kwenu ni uteo, andikeni uteo. Jina likipotea, chombo hubaki bubu.

Tatu, andikeni isnadi yake. Nani alikitengeneza au kukinunua, wapi, nani alimpa nani, kwa tukio gani. Kama bibi anasema kapewa na somo yake siku ya kutolewa ndani, andikeni jina la huyo somo. Kama hana hakika, andikeni kwamba hana hakika. Wapokezi wa hadithi walikuwa na uaminifu huo, nasi hatuna udhuru wa kuongeza chumvi.

Nne, mwombeni akionyeshe kinavyotumika. Maneno hayawezi kueleza namna mkono unavyolaza miaa au unavyopepeta uteo. Mrekodini, kwa ruhusa yake na kwa sitara yake. Asiyependa sura yake ionekane, rekodini mikono na sauti.

Tano, chungeni siri. Si kila habari ya nyumba ni ya kusimuliwa. Ugomvi uliosuluhishwa, talaka iliyoumiza, aibu iliyositiriwa na wafu, vyote hivyo vina haki ya kubaki vimesitiriwa. Kuhifadhi historia hakumpi mtu idhini ya kusengenya maiti.

Liko pia suala la sheria, na hapa familia nyingi huteleza. Mtu akifariki, vyombo vyake vyote, hata kijiko, ni mali ya urithi. Gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi vikishatolewa, kilichobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yao. Haifai mmoja kukichukua kiti cha babu kwa kuwa yeye ndiye akipendaye zaidi, wala kukitoa makumbusho kwa jina lake bila ridhaa ya wenzake. Vilevile vyombo ambavyo mke alikuja navyo au alivinunua kwa mali yake ni vyake, haviingii katika urithi wa mume. Warithi wakikubaliana, njia njema ziko wazi: kukithaminisha na kumwachia mmoja katika fungu lake, kukiazima makumbusho kwa maandishi, au kukiweka wakfu.

Kuhusu kuuza, kila mmoja anazijua shida zake, nasi hatumlaumu mwenye njaa. Lakini mwenye kuuza ajue anauza nini. Sheria za Kenya na Tanzania zinakataza mambo ya kale kusafirishwa nje ya nchi bila kibali. Mnunuzi anayeharakisha biashara usiku na kukataa karatasi bila shaka anayo sababu yake. Kabla ya kukipokea kile alichokitaja kuwa bei nzuri, waulizeni watu wa makumbusho. Na hata mkiuza, habari yake msiuze: iandikeni kwanza.

Walimu wa madrasa nao wana nafasi yao. Mwanafunzi anayejifunza majina ya wapokezi wa hadithi anaweza kuagizwa alete habari ya chombo kimoja cha nyumbani kwao, pamoja na majina ya waliokipokea mmoja kwa mwingine. Ataielewa maana ya isnadi kwa mikono yake, na mwalimu atapata katika wiki moja vyombo vingi ambavyo hakuna makumbusho iliyovisikia.

Wazee hamsini wa Madina hawakujua kwamba asubuhi moja kadhi kutoka Iraki angewauliza kipimo cha nyumbani kwao. Hawakujitayarisha kwa mtihani huo. Walikuwa wamekitunza tu, na walikuwa wameambiwa. Wajukuu zetu nao wataulizwa maswali ambayo sisi leo hatuyajui, juu ya ardhi, nasaba, chakula, lugha na dini ya watu wa pwani hii. Tuwaachie cha kuonyesha, na tuwaachie la kusema.

Wabillahi tawfiq.